Wanawake Kazini na katika Uongozi: Funzo la Miaka ya Makambi, Ngara na Biharamulo

Utangulizi

Historia ya wilaya za Ngara na Biharamulo katika miaka ya 1990 imeandikwa mara nyingi kama historia ya wakimbizi. Yamehesabiwa mahema, magunia ya mahindi na makaburi. Yameandikwa majina ya makambi na tarehe za watu kuingia na kutoka. Katika makala hii twakusudia kuitazama historia hiyohiyo kwa upande mwingine, ambao sisi watumishi wa Kanisa hatuna budi kuutafakari. Nao ni habari za wanawake waliopewa madaraka katika kazi, jinsi walivyokutana na ubaguzi wa kijinsia humo kazini, na njia walizozishika ili kazi yao isimame.

Jambo lililotusukuma kuandika ni hili. Katika nusu ya pili ya mwaka 1993 nchi zote mbili zinazopakana na Ngara, yaani Rwanda na Burundi, zilikuwa na mawaziri wakuu wanawake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, liliongozwa na mwanamke kutoka Japani. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, liliongozwa na mwanamke kutoka Marekani. Na Mtanzania mmoja, Bibi Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe katika Ziwa Viktoria, alikuwa akitayarisha Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995. Ni nadra katika historia kwa watu wa sehemu moja kuguswa na mamlaka ya wanawake wengi kiasi hicho kwa wakati mmoja. Hata hivyo, makambi yalipofunguliwa Ngara, waliosimama mbele ya watu kuwahesabu, kuwasemea na kuwagawia chakula walikuwa kwa sehemu kubwa wanaume.

Kwa nini mamlaka ya juu hayakushuka chini? Na wale wanawake waliokuwa juu walikaaje katika viti vyao? Tukiyajibu maswali haya tutaona kwamba kumpa mwanamke kiti ni jambo moja, na kumpa sauti katika kiti hicho ni jambo lingine. Kanisa letu, ambalo limekwisha kufungua mlango wa kiti, halijamaliza kazi.

Nchi na Desturi Zake

Ngara iko katika pembe ambapo Tanzania hukutana na Rwanda na Burundi, na mito ya Ruvuvu na Kagera hupita hapo. Wenyeji wake ni Wahangaza na Wasubi, ambao lugha zao zina udugu wa karibu na Kirundi. Mashariki yake iko Biharamulo, yenye boma la Wajerumani lililosimama hata leo. Wakati tunaouzungumzia Biharamulo ilikuwa pana zaidi, kwa kuwa nchi ya Chato, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita, ilikuwa sehemu yake. Mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi mpaka mwaka 1979, ulipopewa jina la Kagera.

Katika nchi hii, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Kanda ya Ziwa, mwanamke ndiye mshika jembe. Yeye hupanda maharage, hupalilia, huvuna, huteka maji na kutafuta kuni. Lakini shamba ni la ukoo, na ukoo husemewa na wanaume. Kanuni za urithi wa kimila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 ziliithibitisha desturi hiyo. Mwanamke aliwekwa katika daraja la mwisho la warithi, na ardhi ya ukoo aliweza kuitumia maisha yake yote bila haki ya kuiuza. Kwa maneno mengine, kazi ilikuwa yake na mamlaka juu ya kazi yalikuwa ya mwingine.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza iliitikisa kanuni hiyo. Mama mmoja wa Mkoa wa Kagera, aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia halali, aliliuza. Mwanamume wa ukoo wake akamshtaki, akidai kwamba mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo inapingana na haki ya usawa iliyomo katika Katiba ya nchi, na kwamba mauzo yale ni halali. Msomaji wa Maandiko atawakumbuka mabinti watano wa Selofehadi katika Hesabu sura ya 27, waliosimama mlangoni pa hema ya kukutania mbele ya Musa, wakuu na mkutano wote, wakaidai sehemu ya baba yao. Mambo mawili katika habari ile yafaa yawekwe akilini, maana tutayarudia: walikwenda pamoja, nao walikwenda mahali ambapo sheria ilitamkwa.

Mawaziri Wakuu Wawili

Mwezi Julai 1993 Bibi Sylvie Kinigi aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu wa Burundi, na Bibi Agathe Uwilingiyimana kuwa Waziri Mkuu wa Rwanda. Wote wawili walizaliwa mwaka 1953, na kila mmoja alikuwa mwanamke wa kwanza katika nchi yake kushika cheo hicho. Hakuna aliyekipata kwa kurithi. Kinigi alikuwa mchumi aliyefanya kazi katika benki kuu ya nchi yake. Uwilingiyimana alikuwa mwalimu wa kemia aliyepanda hadi kuwa Waziri wa Elimu mwaka 1992.

Katika Wizara ya Elimu Uwilingiyimana aliuondoa utaratibu wa kugawa nafasi za shule kwa hesabu ya makabila, akataka mwanafunzi apimwe kwa uwezo wake. Uamuzi huo ulimpatia maadui wengi. Yafaa tuangalie walipigana naye kwa silaha gani. Walikuwapo waliojibu hoja zake kwa hoja. Lakini magazeti ya wenye siasa kali yalimchora akiwa uchi pamoja na wanasiasa wanaume, ili wasomaji wamcheke. Kabla hajawa Waziri Mkuu alikwisha kuvamiwa nyumbani kwake na kupigwa. Waziri mwanamume aliyechukiwa aliitwa msaliti au mwizi. Mwanamke alivuliwa nguo katika picha. Huo ni ubaguzi kazini katika sura yake mbaya kupita zote, kwa maana huiacha kazi ya mtu na kuushambulia mwili wake.

Mwezi Agosti 1993 mkataba wa amani wa Rwanda ulitiwa sahihi hapa kwetu Arusha. Uwilingiyimana aliendelea kushikilia serikali ya mpito, ingawa Rais na wengi wa chama chake mwenyewe hawakumtaka tena. Ndege ya Rais ilipoangushwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, yeye ndiye aliyebaki mwenye mamlaka halali ya kuongoza nchi. Alikusudia kusema na wananchi kwa redio asubuhi yake, akazuiwa. Siku hiyohiyo ya tarehe 7 Aprili aliuawa na wanajeshi pamoja na mumewe, na askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa na Umoja wa Mataifa kumlinda wakauawa pia. Watoto wake walifichwa wakaokoka.

Huko Burundi, tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa katika mapinduzi ya kijeshi, na pamoja naye wale ambao kwa mujibu wa katiba wangeshika nafasi yake. Bibi Kinigi alikimbilia Ubalozi wa Ufaransa. Kutoka mafichoni aliwakusanya mawaziri 15 kati ya 22, wakaendelea kuwa serikali. Waliofanya mapinduzi walijikuta wameua viongozi bila kuipata nchi. Aliongoza hivyo mpaka Rais mpya alipoapishwa Februari 1994, kisha akaondoka madarakani kwa utaratibu. Lakini mauaji yaliyofuata mapinduzi yalikwisha kuwatoa watu mamia ya maelfu katika nchi yao, na wengi wao waliingia Tanzania kwa njia za Kigoma na Ngara.

Kutoka Rusumo hadi Benaco

Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa hesabu ya UNHCR, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa kama siku moja. Waliwekwa Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara. Kwa muda Benaco ilikuwa kambi kubwa kuliko zote duniani, na kwa wingi wa watu ilipita karibu miji yote ya Tanzania. Baadaye yalifunguliwa makambi mengine, kama Lumasi na Lukole.

Watu hawa hawakuja kama kundi lisilo na kichwa. Walikuja kwa wilaya na kata zao, wakiongozwa na wale waliowatawala nyumbani. Mashirika yalikuwa na haraka ya kuokoa maisha, yakawatumia viongozi hao kuhesabu watu na kugawa chakula. Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Wakuu wa wilaya za Rwanda walikuwa wanaume, na baadhi yao walikuwa wauaji. Mmoja wao, Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa Murambi, alikutwa Benaco. Mwezi Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa, umati mkubwa uliwazingira watumishi wa misaada na kuwatishia. Mtu huyo alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Arusha mwaka 2011 kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Basi tuone maana yake kwa mwanamke wa kambini. Chakula kilitoka ghalani kikapita mikononi mwa kiongozi wa kiume, ambaye aliweza kukipunguza, kukiuza au kukitumia kuwafunga watu midomo. Mjane mwenye watoto hakuwa na mtu wa kumsemea kwake. Kuni zilipatikana mbali, na aliyezifuata porini alikuwa mwanamke au binti, naye alikuwa katika hatari ya kubakwa njiani. Taarifa ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2000, iliyochunguza makambi ya wakimbizi wa Burundi katika Tanzania ya magharibi, ilieleza wazi ukatili wa namna hiyo, wa nje na wa ndani ya nyumba.

Lakini tusiseme kwamba mwanamke kiongozi ni mwema kwa sababu tu ni mwanamke. Katika serikali ya Rwanda iliyoendesha mauaji alikuwamo Bibi Pauline Nyiramasuhuko, Waziri wa Familia na Maendeleo ya Wanawake. Mwaka 2011 alikuwa mwanamke wa kwanza kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Dhambi haiangalii jinsia. Hoja yetu ni kwamba haki na kazi ziende pamoja. Hatudai kwamba jinsia moja imeokolewa kwa asili yake.

Wakuu wa Geneva na Roma

Bibi Sadako Ogata alichukua uongozi wa UNHCR mwaka 1991. Kabla yake shirika hilo, lililoanza kazi mwaka 1951, lilikuwa limeongozwa na wanaume saba mfululizo. Alikuwa profesa, mke na mama, naye alizaliwa mwaka 1927 katika nchi ambayo wanawake wake walipata haki ya kupiga kura baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1976 aliwekwa katika ubalozi wa Japani kwenye Umoja wa Mataifa, katika daraja ambalo mwanamke wa Kijapani hakuwahi kulifikia. Alikuwa mfupi wa kimo, naye aliingia katika maeneo ya vita amevaa fulana ya kuzuia risasi.

Mwezi Februari 1993 misafara ya chakula ilipozuiwa huko Bosnia, Bibi Ogata alisimamisha sehemu kubwa ya huduma za shirika lake huko, ili wenye silaha wajue kwamba msaada si chombo chao. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Bwana Boutros Boutros-Ghali, alimpinga hadharani na kuitengua amri yake. Wengine wangejiuzulu, na wengine wangelipiza kwa maneno. Yeye alirudi kazini, akaendelea kushika cheo chake mpaka mwaka 2000. Kilichomhifadhi ni kwamba aliijua kazi yake kuliko waliompinga, na nchi wafadhili zilijua hivyo.

WFP nalo liliongozwa na Bibi Catherine Bertini kuanzia 1992 hadi 2002, mwanamke wa kwanza katika nafasi hiyo. Katika Mkutano wa Beijing mwaka 1995 shirika lake liliahidi kwamba katika asilimia 80 ya shughuli za kugawa chakula, haki ya familia itakabidhiwa mikononi mwa wanawake. UNHCR nalo lilikuwa na miongozo ya mwaka 1991 ya kuwalinda wanawake wakimbizi na kuwashirikisha katika kamati. Mwezi Desemba 2001, chini ya mkuu aliyemfuata Ogata, liliongeza ahadi tano, mojawapo ikiwa kwamba nusu ya wajumbe wa kamati za makambi wawe wanawake.

Ni haki kusema pia kwamba uongozi huo ulikuwa na doa. Desemba 1996 Serikali ya Tanzania na UNHCR walitangaza kwa pamoja kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi waliogopa, wakaanza kukimbilia mashariki kuelekea ndani ya nchi. Wanajeshi wakawarudisha kwenye njia ya Rusumo. Karibu watu nusu milioni waliondoka, na wengi duniani walisema kwamba kurudi huko hakukuwa kwa hiari. Kiongozi mwanamke ana haki ya kukosolewa kama kiongozi mwingine, kwa kazi aliyoifanya na kwa kipimo kilekile.

Lukole: Kiti bila Sauti

Wanyarwanda walipoondoka, Warundi walibaki. Kambi ya Lukole, Ngara, ilikuwa na watu kama laki moja katika miaka ya mwisho ya 1990. Mtaalamu wa Kidenmaki, Simon Turner, alikaa humo akichunguza maisha ya watu, na aliyoyaandika yana faida kwa hoja yetu. Alikuta wanaume wakilalamika kwamba UNHCR limechukua nafasi yao ya waume: linalisha, linavisha, linatibu, na zaidi linafundisha habari ya usawa. Mwanamume aliyekuwa na shamba na ng'ombe Burundi alikaa bure mbele ya hema, akasimama mstarini akingojea kikombe cha unga. Kwake usawa wa mwanamke ulionekana kuwa mojawapo ya vitu alivyoporwa.

Hapa tunafika penye kiini cha jambo. Mwanamke aliyeingia katika kamati ya kambi aliingia kwa mlango wa amri iliyotoka kwa wageni. Mumewe, jirani zake na wazee waamuzi, wanaoitwa bashingantahe na ambao kwa desturi ni wanaume, waliweza kumwona kama mtu wa shirika. Akinyamaza, kiti chake hakina kazi. Akisema, anaambiwa amelewa mafundisho ya wazungu. Amri iliyompa kiti haikuweza kumpa heshima ya wale aliowaongoza, na kambi zilipofungwa amri yenyewe ilikoma. Kitu kilichoweza kubaki ni kile ambacho watu walikiona kwa macho: kwamba mama fulani aligawa kwa haki, aliandika hesabu, na alisimama pamoja na binti aliyeonewa.

Wenyeji Wenyewe

Wanawake wa Ngara na Biharamulo nao hawakuwa watazamaji. Mtafiti wa Kimarekani, Beth Whitaker, aliyechunguza vijiji vya jirani na makambi katika miaka hiyo, alionyesha kwamba faida na hasara hazikugawanyika sawa. Waliokuwa tayari na elimu, mali au cheo walipata ajira na biashara. Waliokuwa chini walipata hasara zaidi. Kwa kuwa wanawake wengi hawakuwa na elimu ya sekondari wala ardhi kwa majina yao, ni rahisi kuona wengi wao waliangukia upande upi. Misitu iliisha, safari ya kuni ikarefuka kwao kama ilivyorefuka kwa wakimbizi.

Wakati huohuo, katika Muleba, wilaya jirani ya Biharamulo, alikuwa ametoka mwanamke mwingine ambaye jina lake lilijulikana nchini. Profesa Anna Tibaijuka, mchumi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lililoandikishwa mwaka 1995. Baraza hilo lilitaka wanawake wa vyama vyote wapime wagombea kwa jinsi watakavyoshughulikia maji, afya, elimu na ardhi. Mwaka 1996 serikali ililisimamisha, na mwaka 1997 ikalifuta katika daftari, ikidai kwamba linafanya siasa. Viongozi wake hawakwenda barabarani, walikwenda mahakamani. Shauri lilichukua zaidi ya miaka 10, na mwaka 2009 Mahakama Kuu iliamua kwa upande wao. Baraza lilikuwa limekwisha kudhoofika, lakini mwenyekiti wake alikuwa ameongoza shirika la Umoja wa Mataifa la makazi huko Nairobi tangu mwaka 2000.

Njia Tatu

Tukiziweka habari hizi pamoja, tunaona njia tatu ambazo wanawake hawa walizishika.

Ya kwanza ni kuijua kazi hata adui akose pa kushika. Ogata na Uwilingiyimana waliingia madarakani wakiwa na elimu na uzoefu ambao haukuweza kukanushwa. Ndiyo maana waliompinga Uwilingiyimana waliacha kazi yake na kurukia mwili wake. Lakini njia hii ina uzito wake, kwa kuwa humtaka mwanamke awe bora mara mbili ili ahesabiwe kuwa sawa na mwanamume wa kawaida. Hiyo si haki, ingawa ni ukweli.

Ya pili ni kutosimama peke yake. Kinigi aliwakusanya mawaziri 15; bila wao angekuwa mkimbizi ndani ya ubalozi. Akina mama wa BAWATA walishtaki kwa pamoja. Mabinti wa Selofehadi walikuwa watano. Mwanamke mmoja katika kamati ya watu kumi ni rahisi kunyamazishwa; watatu husikilizana, na wakisikilizana husikiwa.

Ya tatu ni kuitegemea sheria iliyoandikwa. Mama wa Kagera aliyeuza shamba lake alikuwa na wosia na Katiba. Desturi hubadilika kwa kadiri ya anayeitamka, lakini maandishi humpa mnyonge mahali pa kusimama. Hata hivyo sheria hutembea polepole. BAWATA ilishinda ikiwa imechelewa, na Uwilingiyimana, aliyekuwa na mamlaka yote ya kisheria asubuhi ile ya Aprili, hakuwa na mtu wa kutosha wa kuyalinda. Sheria huhitaji watu wenye moyo wa kuisimamia.

Kanisa na Swali Hili

Sasa tujiulize sisi wenyewe. Walutheri hawakuwa mbali na makambi haya. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilitumika katika Mkoa wa Kagera kuanzia mwaka 1994. Kwa hiyo aliyezungumza habari ya kamati na chakula alikuwa akizungumza habari ya diakonia yetu pia.

Na humo ndani mwetu? Mwaka 1990 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilikubali wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, na wa kwanza walibarikiwa mwaka 1991. Dayosisi hazikutembea kwa mwendo mmoja. Nyingine zilianza mara, nyingine zilikawia miaka mingi. Mwaka 1992 Walutheri wa Hamburg, Ujerumani, walimchagua Bibi Maria Jepsen kuwa askofu, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo katika Kanisa la Kilutheri. Hivyo wakati Benaco inafunguliwa, sisi tulikuwa tayari tumeifungua milango ya madhabahu.

Lakini mchungaji mwanamke anayefika katika usharika kwa barua ya uhamisho hana tofauti kubwa na mjumbe wa kamati ya Lukole, ikiwa barua hiyo ndiyo msaada wake pekee. Yuko katika kiti kwa uamuzi wa wengine. Wazee wa kanisa wanaweza kumpokea kwa mdomo na kumzunguka kwa matendo: vikao vifanyike jioni asipoweza kufika kwa sababu ya watoto, fedha zihesabiwe bila yeye, mazishi ya watu wakubwa apewe mwenzake. Hakuna kanuni iliyovunjwa, na bado sauti haipo.

Katika Warumi sura ya 16 Mtume Paulo anapomtambulisha Foibe, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, hatosheki kumtaja cheo. Anawataka Warumi wampokee na wamsaidie katika shughuli yoyote atakayowahitaji, naye anaeleza kazi aliyokwisha kuifanya kwa wengi. Cheo, kazi na wasaidizi vimewekwa mahali pamoja. Ndivyo viongozi wetu wangepaswa kumsindikiza kila mwanamke wanayempeleka shambani mwa Bwana.

Kwa sababu hiyo tunawashauri wachungaji wenzetu na wanafunzi wa theolojia mambo machache. Mwanamke asiwekwe peke yake katika kamati ili ihesabiwe kwamba yumo. Apewe kazi yenye mamlaka kamili, kama kutia sahihi ya fedha, kuongoza kikao na kuamua mashauri. Asiachiwe tu mapokezi na chakula cha wageni. Mipaka ya kazi yake iandikwe, na isomwe mbele ya usharika. Na anapotukanwa kwa ajili ya mwili wake au ndoa yake, mchungaji kiongozi asingoje aambiwe. Akemee hadharani, maana matusi ya namna hiyo yalitangulia risasi katika nchi jirani.

Vilevile tusiwasahau wanaume wa Lukole. Mtu aliyenyang'anywa kazi na heshima huiona haki ya mwenzake kama wizi. Mafundisho ya usawa yanayomwacha mwanamume bila kazi yatapingwa, hata yakiwa ya kweli. Kanisa, ambalo lina wote wawili katika ibada moja, lina nafasi ambayo mashirika hayakuwa nayo ya kuwafundisha pamoja na kuwatuma pamoja.

Hitimisho

Malori yangali yakivuka mto pale Rusumo. Mahali palipokuwa na mahema pameota nyasi na mashamba. Tangu mwaka 2021 nchi yetu inaongozwa na Rais mwanamke, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan. Wengine watasema kwamba swali la makala hii limekwisha kujibiwa. Historia ya Ngara yatufundisha tuwe waangalifu. Mwaka 1993 na 1994 wanawake walikuwa juu Kigali, Bujumbura, Geneva na Roma, na mjane wa Benaco hakuongezewa kikombe kimoja cha mahindi kwa sababu hiyo. Kipimo cha haki kiko pale ambapo chakula hugawanywa, shamba hurithiwa na kikao cha wazee hufunguliwa kwa sala. Hapo ndipo kila mmoja wetu ana wajibu, kwa kuwa katika usharika wake anajua ni mama gani anafanya kazi bila kuitwa kiongozi, na ni yupi ameitwa kiongozi bila kupewa kazi.